Ati Watu Wamezidi? Iulizwe Milima ya Usambara

Tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wanadamu wametimia bilioni 8. Tangu siku ile wimbo wa zamani umeanza kuimbwa upya katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani: dunia imejaa, chakula hakitatosha, maji hayatatosha, na wa kulaumiwa ni maskini wanaozaa. Mwenye wimbo huu ni kasisi mmoja Mwingereza, Thomas Malthus, aliyeutunga mwaka 1798, wakati watu wa dunia nzima walikuwa kama bilioni moja tu. Ikiwa dunia ilikuwa karibu kujaa siku zile, yafaa tuulize ilijaa kwa kipimo cha nani.

Sisi twapenda kuliuliza swali hilo Lushoto, katika milima ya Usambara. Hatuchagui mahali hapo kwa bahati. Huko wageni wawili walikwisha kuwahesabu wenyeji, mmoja baada ya mwingine, na hesabu zao zikatofautiana kama usiku na mchana.

Mgeni wa kwanza alikuwa Mjerumani. Alipokwisha kuitwaa nchi aliupa mji wa Lushoto jina la mfalme wake, ukaitwa Wilhelmstal, akachukua mashamba kwa ajili ya kahawa na, huko chini tambarare, kwa ajili ya mkonge. Reli ikatoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Kilio cha masetla katika miaka ile yote kilikuwa kimoja: watu hawatoshi! Mwanzoni waliletwa vibarua Wachina na Wajava kutoka ng'ambo. Kisha wakaandikwa Wanyamwezi na Wasukuma, wakatembea kwa miguu majuma mengi. Hata hivyo kilio hakikukoma, kwa kuwa Msambaa alikuwa na migomba yake na mahindi yake, wala hakuona sababu ya kuiacha kazi yake akafanye ya mwingine. Ndipo mnamo 1907 kikatungwa kipande: kila mwanamume alipaswa kumfanyia setla kazi siku 30 katika kila miezi 4, na asiyetimiza alichukuliwa kwa nguvu akafanye kazi za serikali. Wafanyakazi wanaosoma ukurasa huu watalijua neno hilo, maana babu zao walilibeba shingoni.

Mgeni wa pili alikuwa Mwingereza. Huyu naye alipanda mlima, akatazama mashamba yale yale na watoto wa watu wale wale, akasema: watu wamezidi! Mwaka 1946 serikali yake ilianzisha mpango wa ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ukaenezwa Usambara. Mabwana shamba walisema kwamba watu na ng'ombe wamepita uwezo wa ardhi, na kwamba udongo unakwenda na maji. Wenyeji wakaamriwa kulima matuta, wakakatazwa kulima miteremko mikali na kuchunga mahali palipozoeleka kuchungiwa. Asiyetii alitozwa faini au alifungwa.

Basi katika muda wa miaka 40 hivi Wasambaa walihama kutoka kuwa wachache mno hata kuwa wengi mno. Waliongezeka, ni kweli. Lakini lililobadilika zaidi ni haja ya mtawala. Aliyetaka mikono aliona pengo, na aliyetaka udongo aliona msongamano. Wala hakuna hata mmoja katika hao wawili aliyeweka katika hesabu yake ardhi aliyokwisha kuitwaa yeye mwenyewe: misitu iliyowekewa mipaka, mashamba ya masetla, na mkonge uliotandazwa tambarare kutoka Mombo hata Korogwe. Mtu akikunyang'anya nusu ya kitanda, kisha akasema wanao wamezidi kwa kuwa hawaenei katika nusu iliyobaki, huyo hasemi habari za watoto.

Hapana shaka udongo ulikuwa ukimomonyoka. Hilo hatulikatai, na mwenye macho akipita leo njia ya Soni wakati wa masika ataona maji mekundu yakishuka. Kosa lilikuwa katika dawa. Matuta yalikuwa kazi nzito iliyowaangukia zaidi wanawake, ambao ndio waliolima chakula, na faida yake haikuonekana jikoni. Wanawake walikuwa miongoni mwa wapingaji wakali. TANU ilipofika milimani ilikuta hasira hiyo ikiwa tayari, ikaipa sauti. Uluguru, ambako watu waliamriwa kuchimba ngazi za udongo, damu ilimwagika mwaka 1955. Usambara mpango ule ulikufa kabla ya Uhuru, na amri ya matuta ikafa pamoja na utawala uliouleta.

Hapa hatuna budi kutaja fikira ya Wasambaa wenyewe, kwa kuwa ni pana kuliko ya kasisi Malthus. Wao husema kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kinyume chake kubana shi, kuiharibu nchi. Mvua na shibe, ukame na njaa, vilihesabiwa katika mambo ya utawala: wakuu wakielewana nchi hupona, wakigombana huharibika. Msomi wa siku hizi aweza kucheka habari za mvua na wafalme. Asicheke upesi. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vugha, alipofariki katika miaka ya 1860, wakuu waligombania enzi, bunduki zikapanda kutoka njia ya misafara, na watu wa milimani wakakamatwa na kuuzwa pwani. Ingekuwa wingi wa watu ndio chanzo cha taabu, basi siku zile za kuuzwa watu zingekuwa siku za neema. Wazee hawazikumbuki hivyo.

Lakini tusijidanganye. Ni rahisi kumcheka mkoloni, na ukishamcheka bado shamba lako ni dogo. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ile ya 2022 ilihesabu 61,741,120. Ni mara tano katika miaka 55, na ardhi haikuongezeka hata pishi moja. Wilaya ya Lushoto, Bumbuli ikiwa bado ndani yake, ilihesabiwa watu 492,441 mwaka 2012 katika eneo la kilometa za mraba 3,500 hivi. Hiyo ni kama watu 140 kwa kila kilometa ya mraba, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa 51. Na hesabu hiyo yaficha mengi, kwa kuwa sehemu ya wilaya ni nyika kavu ya Umba na sehemu ni misitu kama Magamba. Watu wenyewe wamo katika mabonde na miteremko iliyobaki. Baba aliyerithi ekari mbili na ana wana wanne ataacha nusu ekari kwa kila mmoja, na mabinti, kwa mila, hawahesabiwi kabisa.

Wako wenzetu katika chama wanaosema Tanzania ni kubwa, mapori ni tele, hofu ya nini? Sisi twawauliza: mapori ya nani, na yana maji gani? Mlima hauwezi kula pori la Tabora. Nyika iliyo chini ya Usambara ni kavu, na Mkomazi ni eneo la wanyama tangu mwaka 1951. Hata yale mashamba ya mkonge yalipoanguka, bei ya katani iliposhuka mbele ya kamba za viwandani, mengi yaligeuka vichaka huku vijana wa mlimani wakiyatazama kutoka juu. Baadhi yamefufuliwa, na baadhi hati zake zilifutwa na Serikali. Tungependa kuona kazi hiyo ya kufuta na kugawa ikifanywa kwa hesabu iliyo wazi, ili ijulikane ni ekari ngapi zilizofika mikononi mwa mkulima na ngapi zilizobadili tajiri tu.

Je, watu wengi lazima waiue ardhi? Jirani zetu wa Machakos, Kenya, watatusaidia kujibu. Katika miaka ya 1930 wakoloni waliiandika Machakos kuwa nchi inayokufa: vilima vitupu, makorongo, watu na ng'ombe kupita kiasi. Watu wake walikuwa kama laki mbili na nusu. Kufikia mwaka 1990 walikuwa milioni 1.4, na watafiti waliokwenda kupima walikuta miti imeongezeka, mmomonyoko umepungua, na thamani ya mazao kwa kila mtu imepanda. Wakamba walichimba ngazi za udongo kwa hiari, zile zile walizozichukia zilipokuwa amri. Lakini mwenye kuisimulia hadithi hii asisahau kwamba Nairobi ilikuwa karibu, yenye soko la mboga na kahawa na yenye mishahara iliyorudi nyumbani kununulia majembe. Wingi wa mikono ulifaa kwa kuwa mikono ilipata malipo.

Usambara nayo ina mfano wake, japo mdogo zaidi. Kuanzia 1981 hadi 2000 uliendeshwa Lushoto mradi wa kuzuia mmomonyoko kwa msaada wa Ujerumani. (Safari hii Wajerumani walirudi na nyasi, si na kipande.) Wakulima walipanda mistari ya nyasi za Gwatemala kukingama mteremko, na miti kama migrevilea katikati ya mashamba. Penye mafanikio, sababu yake haikuwa hotuba. Nyasi zile hulisha ng'ombe aliyefungwa zizini, ng'ombe hutoa maziwa na samadi, na mti hutoa kuni na mbao. Mama anayeukata mstari wa nyasi hulinda udongo na kumlisha ng'ombe kwa kazi moja. Matuta ya 1950 yalimtaka alinde udongo kisha ajitafutie chakula kwa kazi nyingine.

Sasa tutazame soko, kwa maana hapo ndipo hoja ya kwamba dunia haina chakula cha kutosha huonekana ilivyo. Kabichi, karoti, nyanya, viazi, peasi na plamu za Lushoto hushuka mpaka Mombo kwa barabara ya kona nyingi, na masika yakikata barabara hiyo matenga huoza juu ya lori. Mnunuzi hutaka gunia la lumbesa, lililovimba kichwani, na hulipa bei ya gunia la kawaida. Kiwanda cha chai cha Mponde kiliposimama mwaka 2013, kikakaa miaka kimya, majani yalikomaa mashambani na mkulima mdogo hakuwa na pa kuyapeleka. Duniani kote Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba kama theluthi moja ya chakula hupotea au hutupwa. Mlimani hupotea njiani kwa kukosa barabara na ghala. Katika nchi tajiri hutupwa kutoka mezani. Vivyo hivyo moshi. Marekani, yenye watu kama 4 katika kila 100 wa dunia, imetoa karibu robo ya hewa ya kaboni yote iliyowahi kutolewa na wanadamu, na mvua zinazopotea majira huko Mtae hazikuharibiwa na watoto wa Mtae.

Kwa haya mtu aweza kudhani kwamba sisi twapinga uzazi wa mpango. La hasha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotaja mahitaji ya maendeleo lilianza na watu, kisha ardhi, kisha siasa safi na uongozi bora. Miaka miwili baadaye, mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alipouleta Mpango wa Pili wa Maendeleo mbele ya mkutano wa TANU, aliwaambia wajumbe kwamba kuzaa hata wanyama huzaa; kinachomtofautisha binadamu ni kumlea mtoto na kumsomesha miaka mingi. Chama cha uzazi bora, UMATI, kilikuwa kimekwisha kuanzishwa tangu 1959. Fikira hii, basi, haikuletwa juzi kwa ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mama wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta 4.8. Wastani huo ulishuka bila kipande na bila faini, hasa kwa wasichana waliokaa shule na waliofikiwa na zahanati.

Tofauti yetu na kina Malthus ni hii: wao huanza na idadi ya dunia wakashuka mpaka tumbo la mwanamke maskini, na sisi twaanza na mwanamke huyo. Yeye ndiye anayelima mteremko mtoto akiwa mgongoni na mwingine akiwa tumboni, ndiye apandaye na kuni, na ndiye asiyeandikwa katika urithi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa haki ya ardhi sawa na mwanamume, lakini vikao vingi vya ukoo bado vyagawa kama kwamba sheria hiyo haikutungwa. Mwanamke asiye na shamba huwa na wana wa kiume kuwa ndiyo bima yake ya uzee, akazaa mpaka awapate.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa matawi ya Mlalo, Mtae, Soni, Vugha na Bumbuli. Katika mikutano ya vijiji habari za ardhi hujadiliwa siku moja na wanaume, na habari za zahanati siku nyingine na wanawake. Ziwekwe katika ajenda ya siku moja. Mwenyekiti asome hadharani majina ya waliopewa hati za kimila mwaka huo, wanaume wangapi na wanawake wangapi. Kisha mganga wa zahanati aseme dawa za uzazi wa mpango zilikosekana majuma mangapi, na wasichana wangapi wa kijiji walikatizwa masomo. Maneno hayo yakishaandikwa katika daftari la kijiji, mbunge na diwani waulizwe habari za barabara ya kushuka Mombo kabla masika hayajaanza.