Je, Wajua? Bahari Iliyofungwa Huilisha Bahari Iliyo Wazi

Kutoka Kiunga, jirani na mpaka wa Kenya na Somalia, hadi Ghuba ya Mnazi mkoani Mtwara, yako maeneo ya bahari yaliyowekewa mipaka na kulindwa kwa sheria. Wapo wanaoamini kwamba hayo ni maji waliyonyang'anywa wavuvi ili watalii wapate pa kuzamia. Kabla hujakubaliana nao, soma haya.

1. Malindi na Watamu zinalindwa tangu 1968. Ndizo hifadhi za taifa za bahari za kwanza nchini Kenya. Ndani ya hifadhi ya aina hiyo hakuna kuvua kabisa, hata kwa mshipi. Katika ukanda wa akiba unaopakana nayo, uvuvi wa asili kama wa mshipi na malema unaruhusiwa. Kwa hiyo kinachofungwa ni kipande tu, wala si pwani nzima.

2. Ukienda kuogelea Mbudya au Bongoyo, umo ndani ya eneo tengefu. Visiwa hivyo vya Dar es Salaam, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kulindwa mwaka 1975. Wakazi wengi wa jiji huvijua kwa samaki wa kukaanga na mandhari ya Jumapili, bila kujua kwamba matumbawe yaliyo chini ya boti yao yana sheria inayoyalinda.

3. Mafia kuna vijiji ndani ya hifadhi. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu mwaka 1994, na mwaka uliofuata Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Watu wa Chole, Juani na Jibondo hawakuhamishwa. Bahari yao iligawanywa: kuna sehemu isiyoguswa, sehemu yenye masharti maalumu, na sehemu ya matumizi ya jumla. Ugumu wa hifadhi ya namna hii uko kwenye kuelewana na wenyeji. Pasipo kuelewana, kila mpaka utavunjwa usiku.

4. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike. Baadhi yao wakishakua ndipo hugeuka madume. Mvuvi akiwatoa wakubwa kila mara, mwamba hubaki na majike madogo na madume wachache mno. Samaki mkubwa pia hutaga mayai mengi zaidi ukimlinganisha na mdogo wa aina yake. Mahali palipofungwa, wazazi wa namna hiyo huachwa wazeeke, na mkondo huyachukua mayai na watoto wao hadi miamba ya mbali wanakovua wengine.

5. Malema yaliyotegwa karibu na mpaka wa hifadhi hupata zaidi. Utafiti uliofanywa kandokando ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba samaki hutoka hifadhini na kuingia katika mitego ya nje. Samaki hasomi ramani. Wakijaa ndani, husambaa, na wa kwanza kufaidi ni jirani mwenye lema.

6. Ukimmaliza samaki aitwaye kikande, unauponza mwamba. Kikande ndiye adui mkubwa wa wale viumbe wenye miiba mieusi wanaochoma nyayo za watu kwenye mwamba. Katika miamba ya Kenya iliyovuliwa kupita kiasi, vikande walipoadimika, wenye miiba walizaliana bila mpinzani wakautafuna mwamba. Ndani ya hifadhi za muda mrefu hali ni kinyume: vikande wapo, wenye miiba ni wachache, na matumbawe yanapumua.

7. Sehemu ya mchanga mweupe wa pwani imepita tumboni mwa samaki aitwaye pono. Meno yake yameungana mithili ya mdomo wa kasuku. Hukwangua mwani juu ya mwamba pamoja na chembe za jiwe, huzisaga kwa meno mengine yaliyo kooni, kisha huzitoa zikiwa mchanga. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Tena kwa kula mwani huo, huyasafishia matumbawe machanga mahali pa kushika. Pwani inamsifu kwa usingizi wake mzito, na kweli baadhi ya pono hujifunika usiku kwa utando wa ute unaowakinga dhidi ya vijidudu vinavyonyonya damu. Soko linapojaza vipono vidogo kwenye mafungu, mwamba umepoteza wafagizi wake.

8. Pweza jike huzaa mara moja tu, kisha hufa. Huingia pangoni, huziba mlango kwa mawe, hutundika mayai yake darini kama shanga nyembamba, halafu huyapulizia maji na kuyafuta kwa mikono yake usiku na mchana. Hali chakula. Watoto wakishatoka, naye amekwisha. Maisha yake yote ni kama mwaka mmoja au mmoja na nusu, na hukua kwa kasi ya ajabu. Ndiyo maana vijiji kama Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, hufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa, kisha huufungua wakati wa bamvua. Kina mama wanaochokoa pweza kwa miguu maji yakitoka hurudi na pweza wazito. Aliyengoja msimu hajapoteza kitu.

9. Wavuvi wenyewe wanaweza kufunga bahari. Mwaka 2005, watu wa Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi waliona samaki wanaadimika, wakakubaliana kutenga eneo la takriban hekta 30 lisivuliwe. Wazo lilitoka kijijini, na walinzi ni wanakijiji. Mwaka 2017 walitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

10. Kisiwani Chumbe, walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi. Mwamba wa kisiwa hicho kidogo cha Unguja ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na unaendeshwa na kampuni binafsi. Kutia nanga juu ya matumbawe ni marufuku. Nyumba za wageni hukinga maji ya mvua, na vyoo vyake havitumii maji, kwa hiyo hakuna majitaka yanayoingia baharini. Watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa pale kuogelea juu ya mwamba. Wengi wamezaliwa visiwani lakini hawajawahi kuangalia chini ya maji.

11. Masheikh nao ni walinzi wa bahari. Kisiwani Misali, magharibi mwa Pemba, elimu ya uhifadhi ilipelekwa kwa wavuvi kupitia mafunzo ya Kiislamu: kwamba mwanadamu amekabidhiwa viumbe kama amana na ataulizwa. Kwa wavuvi wengi, neno lililotoka mimbarini lilikuwa na uzito kuliko tangazo la serikali.

12. Tanga ina hifadhi ya samaki aliyedhaniwa ametoweka. Wanasayansi waliamini silikanti alikwisha zama za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, majarife yaliyotegwa kwenye kina kirefu yakaanza kuwanasa Tanga. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba jike hubeba mimba kwa takriban miaka 5, na kwamba samaki huyu huweza kuishi karibu miaka 100. Kiumbe anayezaa taratibu hivyo hawezi kushindana na jarife. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilianzishwa mwaka 2009.

13. Papa potwe wa Mafia si wageni wa msimu. Watalii huwaona Kilindoni kati ya Oktoba na Machi, na ilidhaniwa kwamba baada ya hapo huhama. Walipowekewa vifaa vya kuwafuatilia, ilibainika kwamba wengi hubaki karibu mwaka mzima, ila husogea mbali na ufukwe. Samaki huyu ndiye mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni dagaa na viumbe wadogo wanaoelea. Lakini eneo analopenda liko, kwa sehemu kubwa, nje ya mipaka ya hifadhi. Usalama wake umo mikononi mwa mvuvi anayemkuta wavuni na kuamua kumfungulia.

14. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia ya kasa. Mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi madume. Kasa hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja, na baada ya takriban miezi miwili vifaranga huibuka na kukimbilia maji, kama inavyoshuhudiwa Juani, Mafia. Jike huweza kuchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Anayechinja kasa mmoja mkubwa anakata miaka yote hiyo kwa kisu kimoja.

15. Mikoko imewaletea maji ya bomba watu wa Gazi. Mradi wa Mikoko Pamoja, pwani ya kusini mwa Kenya, unalinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo na tope lake. Fedha zimekwenda kwenye maji na vitabu vya shule. Humo humo mizizini ndimo samaki wengi wa miamba hulelea watoto wao.

16. Baruti huua hata samaki wasiookotwa. Mlipuko mmoja huvunja matumbawe yaliyojengwa kwa miongo, na samaki wengi huzama badala ya kuelea. Msako wa serikali ulipopamba moto Tanzania kuanzia mwaka 2016, milipuko ilipungua sana. Tatizo lililoitwa sugu lilikuwa linangoja tu uamuzi.

17. Mpaka hauzuii joto. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali, matumbawe yakapauka, na sehemu kubwa ya miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ikafa, iliyolindwa na isiyolindwa. Hata hivyo, mwamba wenye samaki wa kula mwani una nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko uliokwisha kukombwa na juya.

18. Shelisheli imelipa deni kwa bahari. Ilikubaliana na wadai wake kubadili zaidi ya dola milioni 20 za deni kuwa fedha za uhifadhi, na kufikia mwaka 2020 ilikuwa imetenga asilimia 30 ya bahari yake. Desemba 2022, huko Montreal, mataifa yaliafikiana kulenga asilimia hiyo hiyo kwa dunia nzima ifikapo mwaka 2030.

Sasa zamu ni yako. Ukiwa sokoni, acha vichewa na vipono visivyojaa kiganja. Usinunue bangili wala kitana cha gamba la kasa aitwaye ng'amba. Ukipanda boti, mwambie nahodha afunge kwenye boya, asitupe nanga juu ya mwamba. Usikanyage matumbawe, yana uhai. Lipa kiingilio cha hifadhi na udai risiti. Na kijiji chako kikiitisha mkutano wa kufunga mwamba kwa msimu, nenda, uliza maswali magumu, dai sehemu yako ya mapato, kisha unyooshe mkono kukubali. Mwamba unaoachwa upumzike hulipa, na anayelipwa kwanza ni mvuvi.