Mama A, baba B, mtoto O

Baba wa kundi B anaposoma kwenye kadi kwamba mwanawe ni kundi O, naye anajua mkewe ni A, aghalabu swali la kwanza linalomjia ni la uaminifu. Swali hilo halina msingi. Wazazi wa A na B wanaweza kumzaa mtoto wa kundi lolote kati ya manne: A, B, AB au O.

Maabara inapoandika A, inaeleza kinachoonekana juu ya chembe nyekundu za damu, si yote aliyorithi mtu. Jeni inayoamua kundi iko kwenye kromosomu ya 9, na kila mmoja wetu ana nakala zake mbili, moja ya mama na nyingine ya baba. Nakala ya A huuelekeza mwili kubandika sukari ya aina fulani juu ya chembe nyekundu. Ya B hubandika sukari nyingine. Ya O haibandiki chochote. Katika umbo lake la kawaida zaidi imepungukiwa herufi moja tu ya vinasaba, na upungufu huo unatosha kuharibu maelekezo yote. Ndiyo maana mwenye A na O husomeka A. Anaweza kuzeeka bila kujua kwamba amebeba O aliyorithi kwa bibi yake.

Mzazi humpa mtoto nakala moja tu, wala hachagui ipi. Mama mwenye A na O, na baba mwenye B na O, wote wakitoa O, mtoto anakuwa O. Kwa wazazi hao uwezekano ni mmoja kati ya minne, na huanza upya katika kila mimba: kuzaa watatu wa kundi A hakumfanyi wa nne awe O.

Kundi la damu linaweza kukanusha uzazi. Kuuthibitisha haliwezi kamwe. Charlie Chaplin aliposhtakiwa California miaka ya 1940 kuhusu mtoto, vipimo vilionyesha yeye ni O, mama ni A na mtoto ni B. Ile B haikuweza kutoka kwa yeyote kati yao wawili, na bado mwaka 1945 mahakama ilimwamuru atoe matunzo.

Vivyo hivyo mzazi wa AB kwa kawaida hazai O. Nasema kwa kawaida, kwa sababu mwaka 1952 madaktari wa Bombay, India, walieleza watu wanaosomeka O ilhali wamebeba A au B, kwa kuwa mwili wao hukosa kitako ambacho sukari hizo hubandikwa juu yake. Hao ni wachache mno. Makosa ya kuandika kadi ni jambo la karibu zaidi, hivyo majibu yasipolingana, wapimwe upya wote watatu. Anayetaka kumjua baba kwa uhakika atahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho Tanzania hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2009.

Kwangu mimi, alama ya kuhangaikia ni ile ndogo inayofuata herufi, chanya au hasi. Huo ni urithi wa jeni nyingine, na wazazi wawili chanya wanaweza kumzaa mtoto hasi kwa njia ileile ya nakala kujificha. Hatari iko kwa mama hasi aliyebeba mtoto chanya. Damu ya mtoto ikiingia kwa mama wakati wa kujifungua, mwili wa mama unaweza kutengeneza kingamwili zitakazoshambulia chembe nyekundu za mtoto wa mimba inayofuata. Sindano ya anti-D ndani ya saa 72 huzuia hali hiyo, na huhitajika pia mimba inapoharibika. Baba anayeikagua kadi kwa shaka angeitazama alama hiyo kwanza, kisha akamuulize mkunga kuhusu sindano kabla mkewe hajaruhusiwa kutoka wodini.