Bukavu: Mvua inakaribia, maji ya paa lako yataelekea wapi?

Kiangazi kinaelekea mwisho mjini Bukavu. Tangu mwezi wa Juni mvua imekuwa chache na vumbi limejaa juu ya mabati. Septemba mvua itarudi pamoja na baridi yake, na itaendelea hadi Mei. Kabla haijaanza, kuna kazi moja ambayo familia nyingi husahau: kusafisha na kutengeneza mifereji ya paa, ile tunayoita gutiere.

Mji huu umejengwa juu ya vilima. Kule Kadutu, Cimpunda ama Panzi, nyumba zimepangana kama ngazi, mlango wa huyu ukitazama paa la yule. Maji yanayotoka kwa jirani wa juu yanaangukia ukuta wa jirani wa chini na kuchimba udongo wa msingi wake. Mara nyingi ugomvi wa majirani unaanzia hapo.

Tufanye hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Nyumba ndogo yenye paa la mita 8 kwa 6 ina mita mraba 48. Mvua ya milimita 30 inamwaga juu yake lita 1,440, yaani bidoni 72 za lita 20. Gutiere ikiziba kwa majani na vumbi, sehemu kubwa ya maji hayo inamwagika mahali pamoja, kando ya ukuta.

Kazi yenyewe inaweza kumalizika kwa siku moja. Panda ngazi wakati kumekauka, mtu mwingine akiishikilia chini, na uangalie kwanza kama hakuna waya za umeme karibu na paa. Ondoa majani, matope na misumari iliyoanguka. Kisha mwaga maji kwenye mwisho ulio mbali na bomba la kushukia. Yakisimama katikati, gutiere imelegea: fundi ainyanyue ili ishuke angalau nusu sentimita kwa kila mita. Vishikio visipite mita moja kutoka kimoja hadi kingine. Penye kutu ama tundu, paziba sasa, kwa sababu mvua itapapanua.

Gutiere safi inasaidia pia siku ambazo bomba halitoi maji. Lakini mvua za kwanza zinaosha paa: vumbi, moshi na mavi ya ndege. Acha maji ya mwanzo yapite, ndipo uweke pipa. Lifunike kwa wavu ama kitambaa, mbu wasizalie humo. Maji hayo yanafaa kufua na kuosha vyombo. Ya kunywa yachemshwe ama yatiwe dawa ya klori.

Inabaki sehemu ambayo wengi hawaifikirii: mwisho wa bomba. Gutiere nzuri inayomwaga maji yote kwenye kiwanja cha jirani imehamisha tu hasara. Bomba lifike kwenye mfereji wa barabara, na mfereji huo uwe wazi, bila mifuko ya plastiki wala takataka. Mtu mmoja hawezi kuufungua peke yake. Ndiyo maana salongo moja ya avenyu mwezi huu wa Agosti, kila nyumba ikitoa mtu na jembe, ina faida kuliko kulaumiana mwezi wa Novemba.

Gutiere haiwezi kuzuia mlima kuporomoka, kama tulivyoona Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, mwezi wa Mei 2023. Lakini ukuta unaolowa msimu baada ya msimu unaweza kuokolewa na ngazi, mikono na siku moja ya jua. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Huku kwenye vilima, ukuta utakaojengwa upya unaweza kuwa wa jirani yako.