Biskuti za Njugu na Kakao Bila Oveni

Akina mama wengi wametuuliza, "Nitatengeneza biskuti vipi na mimi sina oveni?" Swali lao ni la haki. Katika nyumba zetu nyingi kuna jiko la makaa, au mafiga matatu na kuni, au mtungi mdogo wa gesi, basi. Kwa hiyo safari hii twawaletea biskuti ambazo hazihitaji oveni hata kidogo. Zapikwa kwa sufuria moja, na zikishapikwa hugandia mezani zenyewe.

Mapishi haya yametoka Marekani. Katika majimbo ya kusini ya nchi hiyo wako wanaoziita "biskuti za mhubiri". Husemwa kwamba mama wa nyumbani akimwona mhubiri anakuja kwa mbali juu ya farasi, aliweza kuteka sukari na kuwasha moto, na mgeni akifika mlangoni akute biskuti ziko tayari. Hiyo ni hadithi ya watu, lakini sisi ambao wageni wetu hutokea bila habari twaielewa vizuri.

Lakini kabla hatujafika kwenye sukari, lazima tuzungumze juu ya njugu. Hapo ndipo penye hatari.

NJUGU KWANZA

Tulipojaribu biskuti hizi mara ya kwanza kikundini, tulinunua njugu za bei ya chini sokoni, zikiwa zimekwisha kubanduliwa maganda. Tulipozimwaga kwenye ungo tukaona nyingine zimesinyaa, nyingine nyeusi, nyingine zina ukungu wa kijani. Mmoja wetu akasema, "Si tutazikaanga? Moto utamaliza hiyo." La, haumalizi.

Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, au sumukuvu. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauwezi kuiondoa yote. Huharibu ini. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kumletea saratani ya ini; akiila nyingi kwa muda mfupi, yaweza kumwua. Sisi Wakenya twajua. Mwaka wa 2004, watu wa Makueni, Kitui na sehemu za jirani walikula mahindi yaliyokuwa na sumu hii. Wagonjwa 317 walihesabiwa, na 125 kati yao wakafa. Ukungu uleule unaoshika mahindi hushika njugu pia.

Kwa hiyo fanyeni hivi:

- Nunua njugu nzima ambazo hazijakaangwa wala kusagwa, ili uzione kwa macho yako. Siagi ya njugu ya kusagwa na mtu usiyemjua huficha mengi.
- Kama ni za shamba lako, zianike mpaka zikauke kabisa. Tikisa ganda karibu na sikio: ukisikia njugu inacheza ndani, imekauka.
- Usinyunyizie maganda maji ili yabanduke upesi. Wengi hufanya hivyo kuokoa vidole, kumbe wanaukaribisha ukungu.
- Chambua moja moja kwenye ungo. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizoanza kuota na zilizotobolewa na wadudu.
- Hizo mbovu usimpe kuku wala ng'ombe. Sumu huwadhuru wao pia, na ya ng'ombe hupitia kwenye maziwa ikakurudia mezani. Zifukie.
- Ukionja njugu ukaikuta chungu, iteme.

Siku ile tulitupa karibu robo ya njugu zetu. Iliuma, maana zilikuwa pesa za kikundi. Lakini pesa hutafutwa tena. Ini haliuzwi sokoni.

Njugu safi zikaange bila mafuta kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka ngozi ianze kutoka. Zikipoa, zifikiche, uzipepete, kisha uzitwange au uzisage. Mwanzoni utapata unga. Usife moyo, endelea tu: mafuta yake yatatoka na unga utalainika uwe siagi. Kikombe kimoja cha njugu hutoa kama nusu kikombe cha siagi, nayo yatosha kwa mapishi haya.

MAHITAJI

- Sukari vikombe 2
- Maziwa nusu kikombe
- Siagi au majarini nusu kikombe
- Unga wa kakao vijiko vikubwa 4
- Siagi ya njugu nusu kikombe
- Oti vikombe 3
- Vanila kijiko kidogo 1, ukiwa nayo
- Chumvi kidogo sana

Tumia kikombe kilekile kupimia vitu vyote. Kakao iwe unga halisi wa kakao, si ile ya kinywaji iliyochanganywa na sukari. Oti ni nafaka, jamaa ya ngano. Ni ile ya kupikia uji wa asubuhi. Chagua ile laini inayoiva upesi. Kiwandani imekwisha kupikwa kwa mvuke na kubanwa ikawa bapa, ndiyo maana hatuhitaji kuioka.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Pima vitu vyote kabla ya kuwasha moto. Tandaza karatasi ya kuokea kwenye sinia, au paka sinia majarini. Ukishaanza hutapata nafasi ya kutafuta kijiko.
2. Tia sukari, kakao, maziwa, majarini na chumvi katika sufuria. Weka kwenye moto wa wastani na ukoroge mpaka sukari iyeyuke.
3. Ngoja ichemke kwa nguvu, mapovu yajae juu pote na yasitulie hata ukikoroga. Hapo ndipo uanze kuhesabu: dakika moja, au moja na nusu. Si ukiona povu la kwanza pembeni!
4. Epua. Tia siagi ya njugu na vanila, ukoroge upesi.
5. Mimina oti, uchanganye mpaka yote ipate rangi.
6. Teka kwa kijiko, uweke mafungu madogo kwenye sinia. Utapata kama 30. Yaache nusu saa au zaidi yagande. Pwani, kwenye joto na unyevu, yatakawia.

ZIKIKATAA

Biskuti zetu za kwanza hazikuganda. Tulikuwa tumeepua mapema, na maji ya maziwa yakabaki mengi katika sukari. Mara ya pili tukaogopa, tukachemsha muda mrefu mno; zikawa kavu na kumomonyoka kama udongo wa kiangazi. Tangu hapo hatutegemei saa peke yake, maana makaa na gesi havichemshi sawa. Tunadondosha tone la ile sukari katika kikombe cha maji baridi. Likitawanyika, bado. Likikusanyika na kuwa donge laini ambalo laweza kubonyezwa kwa vidole, epua mara moja.

Zikiharibika usizitupe. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: zile laini huliwa kwa kijiko, na zile za kumomonyoka hunyunyizwa juu ya uji.

KULA NA KUUZA

Tuseme ukweli: hizi ni kitu cha sherehe. Kila biskuti moja ina sukari karibu vijiko vitatu vya chai. Njugu na oti zina faida mwilini, lakini usimpe mtoto biskuti hizi mahali pa uji wake au maharagwe. Mwenye ugonjwa wa sukari ajihadhari. Tena wako watu ambao njugu huwadhuru: mtu akila akavimba midomo au akakosa pumzi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Kikundi kikitaka kuuza, kwanza kimwone afisa wa afya ya umma aeleze vibali vinavyotakiwa. Andikeni wazi kwamba kuna njugu ndani. Zihifadhini katika mkebe mkavu wenye kifuniko.

Na mteja akiuliza kwa nini zenu ni ghali kidogo kuliko za jirani, msione haya. Mwonyesheni ungo, na zile njugu mlizotoa.