Bafwasende: mwanafunzi wa uuguzi atajifunzia wapi ugonjwa wa pombe?

Mutu analetwa kwenye kituo cha afya asubuhi. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unapiga mbio, usiku hakulala. Mwanafunzi aliye kwenye staji anawaza malaria, na si ajabu, kwa sababu malaria iko kila nyumba. Mgonjwa anatundikiwa seramu ya glukozi. Hakuna aliyemuuliza: lotoko ya mwisho ulikunywa lini?

Swali hilo linaweza kuokoa maisha. Mutu aliyekunywa sana kila siku, miaka mingi, akiacha ghafla mwili wake unaasi. Kutetemeka kunaanza masaa machache baadaye. Kifafa kinaweza kumshika ndani ya siku mbili za kwanza. Kisha, mpaka kwenye siku ya nne hivi, wengine wanachanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Hapo ndipo familia inasema karogwa, inamfunga kamba ao inampeleka kwenye chumba cha maombi. Hali hiyo bila matibabu inaua. Hata ile seramu ya sukari ina hatari yake: kama pombe imemmalizia mgonjwa vitamini B1 na hakupewa kwanza, ubongo unaweza kuharibika.

Daftari la shule linaeleza uraibu, yaani hali ya mutu kufungwa na kileo hata asiweze kujitoa. Shirika la Afya Duniani, OMS, limetumia dalili sita: hamu kali, kushindwa kujizuia, kuugua akiacha, kuongeza kipimo, kutupa mambo mengine, na kuendelea ijapokuwa anaona madhara. Zikionekana tatu kwa pamoja ndani ya mwaka, ni uraibu. Mwanafunzi wa ITM atazikariri usiku mmoja, apate alama nzuri.

Lakini anayeziona kila siku ni mama anayepika lotoko. Mihogo na mahindi yakishachacha, anachemsha ndani ya pipa, mvuke unapita kwenye bomba lililopozwa kwa maji. Yeye anajua nani anabisha hodi kabla ya jua kutoka, mkono ukicheza, na anatulia akishameza glasi moja. Kumfanya mama huyu kuwa mwalimu si kazi nyepesi. Pesa ya lotoko inalipa masomo ya watoto, na pengine ndiyo iliyomlipia huyo mwanafunzi mwenyewe. Akimuendea na mahubiri, mlango unafungwa.

Njia hiyo ya kushirikiana na wakaaji imeshajaribiwa kwingine. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadone kwa watu waliofungwa na heroini. Mashirika ya mtaani ndiyo yaliyowafuata vijana vijiweni na kuwaleta. Zanzibar kuna nyumba za kupata nafuu ambako waliokwisha kuacha wanawasimamia wanaoanza. Methadone haitibu pombe, kwa hiyo dawa si ya kuigwa hapa. Cha kuigwa ni kumkubali aliyeacha kuwa mwalimu.

Kwa Bafwasende, mahali pa kuanzia papo: RECO wanaopita nyumba kwa nyumba, CODESA, machimbo ya dhahabu na almasi, makanisa. Wakimbanguisti, kwa mfano, wanakataza pombe kabisa, na muumini anayekunywa kwa siri ana sababu zaidi ya kujificha. Mwanafunzi atembee na RECO, asikilize kwanza, na munganga msimamizi awe nyuma yake.

Akifika huko atagundua shida ambayo kitabu hakikumwambia. Fomu ya OMS ya maswali 10 kuhusu pombe inahesabu vinywaji vya kipimo kimoja. Lotoko haina kipimo kimoja: ya kwanza kutoka kwenye bomba ni kali, ya mwisho nyepesi, na inauzwa kwa glasi, kwa chupa, kwa kopo. Ili kujua mgonjwa amekunywa kiasi gani, itabidi arudi kwa yule mama amuonyeshe kopo lenyewe.