KIMBUNGA: KUPATA NGUVU NA KULEGEA KWAKE

Mkulima wa pwani, bila shaka umekwisha kuona chamchela ikizungusha vumbi na majani makavu shambani wakati wa kiangazi. Kimbunga cha bahari nacho huzunguka, ila upana wake huenda ukafika maili mamia, na asili yake ni nyingine.

Maji ya bahari yapatapo joto la digrii 26 za sentigredi au zaidi, mvuke mwingi hupanda na kugeuka mawingu na mvua. Katika kugeuka huko hutoka joto, nalo huzidi kuinua hewa. Hewa ya kandokando hukimbilia kujaza mahali pale, lakini haiendi moja kwa moja, kwa kuwa dunia yenyewe yazunguka. Basi hupinda, na upande huu wa kusini ya ikweta hufuata njia ya mishale ya saa. Kadiri ikaribiavyo katikati ndivyo izidivyo mbio. Mtazame mtoto azungushaye jiwe kwa kamba: kamba ikijisokota kidoleni ikafupika, jiwe huzunguka upesi zaidi. Karibu na ikweta mpindo huo ni hafifu mno, ndiyo sababu vimbunga ni nadra kwetu.

Nadra, lakini vipo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu; Pemba iliponea pembeni.

Jihadhari sana na utulivu. Katikati ya kimbunga hapana upepo, na pengine jua huonekana. Usitoke kwenda kutazama mikarafuu wala kufungua zizi. Nusu ya pili yaja, na kwa kuwa upepo wazunguka, utavuma kutoka upande mwingine: ukuta uliokukinga kwanza hautakukinga tena.

Kimbunga hulegea kikikosa mvuke, au pepo za juu zikivuma mbali na za chini, zikakiinamisha kama nguzo iliyosukumwa kichwani. Hivyo Jobo, mwezi Aprili 2021, kilidhoofika kabla ya kufika pwani ya Tanzania. Nchi kavu nayo hukivunja nguvu, ila mvua haikomi pamoja na upepo. Kenneth kiliingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019. Upepo ulipungua upesi, mvua ikaendelea kwa siku kadhaa na kuleta mafuriko. Kwa hiyo mwenye ghala bondeni ahamishe nafaka na mbegu mahali palipoinuka mara apatapo habari, na asizirudishe kwa kuona miti imetulia.