Utambi Unapokauka

Mpwa wangu alipowasili kutoka Birmingham Desemba iliyopita, shikamoo yake ilitoka na harufu ya embe. Hata sijamaliza kuitika, alitoa mfukoni leso iliyolowa na kuifungua juu ya meza ya chakula. Ndani mlikuwa na kijisilinda cha kioo na chuma, kifupi kuliko kidole gumba.

"Limevuja kwenye ndege, mjomba. Labda nimeuziwa bovu?"

Lilikuwa tangi la sigara ya kielektroniki, lile la kujaza mwenyewe, ambalo hufungwa kwa hesi juu ya betri. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa zile za kutumia na kutupa tarehe 1 Juni 2025, miezi mitano baada ya Ubelgiji. Betri za lithiamu zilikuwa zikizagaa majalalani, na watoto wa shule walikuwa wanazipata sigara hizo kirahisi mno. Wavutaji wengi wakahamia kwenye matangi kama hili, mpwa wangu akiwa mmoja wao.

Niseme mapema ninaposimama. Asiyevuta chochote asianze na kitu hiki, kwa sababu nikotini hukamata, na inapomkamata kijana haimwachi kwa urahisi. Anayevuta sigara ya tumbaku akihamia huku moja kwa moja, anaachana na lami na kaboni monoksaidi zinazotokana na jani kuungua, na hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini matangi hayafanani. Tofauti zake si za ladha wala za ukubwa wa wingu linalotoka mdomoni. Ni tofauti za fizikia na kemia, masomo niliyoyafundisha sekondari kwa miaka mingi. Nikamwomba alifungue tulitazame.

Ukishaondoa kifuniko chenye mdomo wa kuvutia, unabaki na kioo cha mviringo, msingi wenye matundu ya hewa na pete mbili tatu za mpira ambazo fundi yeyote wa bomba atazitambua kuwa ni oringi. Katikati husimama kichwa cha koili, kadiri ya kifundo cha kidole kidogo. Ndani yake kuna waya uliosokotwa, na waya huo umezungushiwa pamba. Kimiminika huingia kupitia vitundu vya pembeni na kulowesha pamba, waya unapata moto, kimiminika kinageuka mvuke, na hewa unayovuta inaupeleka mvuke huo kinywani.

Aliyekulia kwenye mwanga wa koroboi ameshaielewa mashine hii. Pamba ni utambi. Mafuta hupanda kwenye utambi yenyewe, hayasukumwi na pampu, na mwendo wake una kikomo. Ukiutoa utambi nje kupita kiasi, au mafuta yakikaribia kwisha, kinachoungua si mafuta tena bali ni utambi wenyewe. Mwanga unakuwa mwekundu, moshi unakuwa mweusi, na pua inakuarifu kabla ya macho. Kwa maoni yangu, kulipima tangi lolote ni kuuliza swali hilo moja: je, kimiminika kinafika kwenye waya kwa kasi ileile ambayo moto unakimaliza?

Kimiminika chenyewe, kwa sehemu kubwa, ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, ambayo huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini, ambayo huchemka kwenye 290. Nikotini na vionjo ni sehemu ndogo. Maadamu pamba imelowa, kuchemka huko kunaudhibiti waya, kama vile maji yanavyoidhibiti sufuria: ongeza kuni utakavyo, maji yakiwamo hayapiti 100. Kila mpishi anajua kinachofuata yakikauka. Joto la waya hupaa ghafla, gliserini na glaikoli zinavunjika, na badala ya mvuke unapata fomaldehaidi, asetaldehaidi na akrolini. Hiyo ya mwisho tunaifahamu jikoni, maana ndiyo inayochoma macho mafuta ya kukaangia yanapopitiliza moto.

Moto wenyewe unahesabika. Chukua volti, zizidishe kwa zenyewe, gawanya kwa ukinzani wa koili. Betri ya volti 3.7 kwenye koili ya omu 1.8 inatoa wati 7.6. Betri hiyohiyo kwenye koili ya omu 0.5 inatoa wati 27. Kwa macho koili hizo mbili karibu zinafanana. Tofauti ni tarakimu ndogo iliyochorwa ubavuni. Wapo wanaoteremka hadi omu 0.15 ili kupata mawingu makubwa. Hapo betri iliyojaa, yenye volti 4.2, inadaiwa mkondo wa ampea 28, zaidi ya mara mbili ya ampea 13 za fyuzi ya plagi ya pasi. Betri nyingi za vifaa hivi hazikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Maabara haziamini ulimi. Mwaka 2018 ulitolewa ufafanuzi wa kimataifa wa mashine ya kuvuta, ISO 20768: kila mvuto mililita 55 za hewa, kwa sekunde 3, mara moja kila sekunde 30. Watu hawavuti hivyo, na wale wa koili za ukinzani mdogo huvuta hewa nyingi kuliko hiyo kwa mbali. Lakini mashine inayorudia jambo lilelile bila kuchoka inaruhusu tangi moja kulinganishwa na jingine. Kipimo cha kwanza ni rahisi hata kwa shule yenye mizani nzuri: lipime tangi kabla, livute mara kadhaa, lipime tena. Wati 10 kwa sekunde 3 ni juli 30, nishati ya kugeuza mvuke miligramu 20 hivi kwa makadirio ya juu kabisa, na sehemu yake hupotea ikipasha chuma na hewa. Kama kila mvuto unapunguza uzito kidogo kuliko uliotangulia huku moto haujabadilika, utambi unazidiwa, na joto lisilotumika kuvukiza lina mahali pengine pa kwenda.

Hapa ndipo ulipozuka ubishi mkubwa wa sayansi hii. Januari 2015, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walichapisha barua katika jarida la tiba la New England. Walikuwa wamelipima tangi moja kwa volti 3.3, na dalili za fomaldehaidi hazikuonekana. Walipopandisha hadi volti 5, zikaonekana kwa wingi. Magazeti ya dunia nzima yakaibeba habari hiyo. Konstantinos Farsalinos, daktari wa moyo wa Ugiriki, akapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba tangi lile lilikuwa linaunguza utambi, na hakuna binadamu angeweza kuendelea kulivuta. Yeye na wenzake wakaandaa vichwa viwili vya koili, kimoja chenye tambi mbili na kingine chenye utambi mmoja wa kawaida, wakawapa wavutaji wazoefu. Chenye tambi mbili hakikumuunguza mtu kwa moto wowote waliojaribu. Chenye utambi mmoja, kilipofika wati 9 na 10, wavutaji walikiona kimeungua. Na hapo hapo, kwa wati zilezile, ndipo aldehaidi, yaani fomaldehaidi na jamaa zake, zilipofumka.

Nimeusoma ubishi huo mara nyingi, na ninaona kila upande ulishika sehemu ya ukweli. Kweli mvutaji mzoefu huutema mvuto uliokauka. Lakini ulimi si kifaa cha maabara. Anayeanza leo hajui ladha ya pamba iliyoanza kuungua, na kionjo kizito cha sukari kinaweza kuificha. Kilichonikaa zaidi ni vichwa vile viwili: moto mmoja, kimiminika kimoja, na utambi peke yake ukaamua.

Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, ambao kwa miaka wamekuwa wakipima vifaa hivi kuliko wengi, waliongeza jambo linalonisumbua hadi leo. Walichukua vifaa 75 vya aina moja, vinavyotakiwa kuwa sawa kwa kila kitu, wakavipima kimoja kimoja. Joto la koili na aldehaidi zilizotoka vilitofautiana sana toka kifaa hadi kifaa, bila alama yoyote kwa nje ya kumwonya mnunuzi. Kwa hiyo anayesema amelijaribu tangi fulani akaliona zuri, amelijaribu lake. Lako huenda koili yake ilisokotwa jioni, na mfanyakazi aliyechoka, pamba ikabanwa kidogo zaidi.

Kuna pia chuma. Koili nyingi ni aloi ya chuma, kromiamu na alumini. Nyingine zina nikeli. Mwaka 2018 timu ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilichukua vifaa vya watu 56 wanaovuta kila siku, ikapima kimiminika kikiwa bado chupani, kikiwa tangini, na kikiwa mvuke. Chupani madini yalikuwa kidogo. Kwenye mvuke, kiwango cha kati cha madini ya risasi kilikuwa zaidi ya mara 25 ya kile cha chupani. Nikeli, kromiamu na zinki nazo zilikuwa zimepanda. Kimiminika kinaingia tangini kikiwa safi, kisha tangi lenyewe linakichafua. Ndiyo maana ninapotazama tangi huuliza kwanza limelehemewa kwa kutumia nini na waya wake ni wa madini gani, na muuzaji asiyejua majibu hayo simlaumu, lakini sinunui kwake.

Kioo nacho kina kisa. Matangi ya mwanzo yalikuwa ya plastiki angavu, na wavutaji wakagundua kwamba vionjo vya mdalasini na vya jamii ya malimau huipasua plastiki hiyo. Sisi mdalasini tunautia kwenye chai na pilau bila wasiwasi. Lakini tumbo si pafu. Tumbo lina asidi, na nyuma yake kuna ini la kuchuja. Pafu lina utando mwembamba na damu upande wa pili. Wafanyakazi wa kiwanda cha bisi huko Jasper, Missouri, walijua hilo kwa uchungu walipougua mapafu kwa kuvuta mvuke wa daisetili, kionjo cha siagi ambacho kukila hakukuwa na tatizo. Na mwaka 2019 Marekani nzima ilishtuka: hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa wa mapafu 2,807 waliolazwa au kufariki, waliokufa wakiwa 68, wengi wao wamevuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E. Tangi la kujaza halichagui linachopokea, na kosa la anayejaza linaishia kwenye pafu.

Ulaya ilijaribu kulibana kwa sheria. Agizo la mwaka 2014, lililoanza kutumika Mei 2016, linataka tangi lisizidi mililita 2, nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita, chupa ya kujazia isizidi mililita 10, mtoto asiweze kulifungua, na lijazwe bila kuvuja. Kwa usalama wa mtoto ninaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, kwa sababu tangi lililojaa linabeba hadi miligramu 40 za nikotini, nayo hupenya hata kwenye ngozi. Ila watafiti walewale wa Beirut walitahadharisha kwamba nikotini ikipunguzwa, mvutaji anaweza kuifidia kwa kuongeza moto, na moto ukizidi tunarudi kwenye utambi uliokauka. Uganda ilichukua njia fupi zaidi: sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza bidhaa hizi kabisa.

Sasa leso iliyolowa. Hewa ndani ya ndege inapokuwa angani ni nyepesi kama ya mlimani, mita 2,000 hivi juu ya bahari. Kipovu cha hewa kilichobaki ndani ya tangi kinatanuka, na kwa kuwa kimefungiwa, kinasukuma kimiminika kipite kwenye pamba na kutokea matundu ya hewa. Hata tangi zuri litavuja hivyo likipandishwa ndegeni limejaa nusu. Kipimo cha haki ni cha mezani. Tulilifuta, tukakaza oringi, tukalijaza, tukalilaza juu ya karatasi nyeupe ya chooni, na asubuhi karatasi ilikuwa kavu.

"Kumbe zima," akasema.

Nikamwomba aing'oe koili ya zamani. Alikuwa ameivuta wiki sita. Nikaipasua kwa wembe kwenye kisosi. Pamba ya pembeni ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kadiri ilivyokaribia waya ilikuwa ya kahawa, na pale ilipougusa waya ilikuwa nyeusi, ngumu, ikikatika kama utambi wa koroboi uliosahaulika usiku kucha. Waya wenyewe ulikuwa na ganda la sukari iliyoungua.

"Mbona sikusikia ladha ya kuungua, mjomba?"

"Ulikuwa unasikia embe."

Aliitazama kwa muda. Kisha akachukua koili mpya, akadondoshea kimiminika kwenye vitundu vya pamba, akalijaza tangi na kuliacha limesimama dakika kumi utambi unywe. Wati akazishusha hadi namba ya chini kabisa iliyochorwa ubavuni mwa koili. Wakati tukingoja, alikata kipande cha plasta kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akaandika tarehe ya siku ile kwa kalamu ya wino, akakibandika chini ya kioo.